Wimbo wa Shimoni

Wimbo wa shimoni hufunzwa juani. Mmemsikia mama mmoja asubuhi hii akimtupia mwanawe maneno hayo, baada ya kijana kusema kwamba sala ataanza kuzishika siku atakapopata shida, na sasa mnataka kujua ni shimo gani hilo na nani aliimba ndani yake. Methali hii ina wenyewe, wajukuu, nayo ilizaliwa hivi.

Kijiji cha Mlimbwa, huko Ugogo, kilikuwa na mwinjilisti aliyeitwa Chilewa. Jumapili alihubiri, siku nyingine alichimba visima. Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, Ndahani, mdogo wa mkewe Mbeleje. Ndahani alikuwa na nguvu za maksai na imani ya Krismasi: alibatizwa akiwa mchanga, na tangu hapo kanisani alionekana siku ya pilau tu.

Chilewa alikuwa na desturi moja. Kabla mtu hajashuka, wote wawili walisimama mdomoni mwa shimo wakaimba wimbo mzima. Kisha kazi ikiendelea, wa juu alianzisha na wa chini akaitikia, kwa sababu shimo likishakuwa refu macho hayafiki, na sauti ndiyo inayokwambia kama mwenzako angali mzima. Wimbo aliutunga Chilewa mwenyewe. Wa juu aliimba, "Mkono wako, Bwana, ni mrefu," na wa chini akajibu, "Unafika nilipo."

Ndahani hakuupenda hata kidogo. Alinung'unika kwamba jua linapanda, kazi imelala, na Mungu si kiziwi wa kuimbiwa neno lile lile kila siku. Chilewa hakugombana naye. Alimtania tu kwamba ana sauti ya fisi aliyekabwa na mfupa, akamrudisha mwanzo, ubeti kwa ubeti, mpaka kijana akaushika wimbo shingo upande. Na asubuhi ambazo Ndahani alikuja amenuna, Chilewa alimwombea kwa jina kabla ya kumpa kamba.

Mwaka wa ukame mkali, zamu ya kushuka ilikuwa ya Chilewa. Mchana akapaza sauti kwamba amekanyaga maji. Habari ya maji Ugogo haihitaji mbiu. Wanawake waliacha vinu, wachungaji wakaacha ng'ombe, wote wakajazana kuchungulia, wengine wamepanda juu ya rundo la udongo uliotolewa shimoni. Ndahani aliwasihi warudi nyuma, lakini nani angemsikiliza mwenye kamba wakati maji yamepatikana? Ukingo ukakatika. Wao waliruka wakapona, na udongo wote ukamshukia Chilewa.

Ndahani alivuta kamba, ikagoma. Watu wakaanza kufukua, lakini kila karai moja lilipotoka, udongo wa makarai mawili uliporomoka. Mzee Masima, mkubwa wa kijiji, akaamuru waache wasije wakazikwa wawili. Alisema kwa uchungu kwamba Chilewa amekwisha kupata kaburi lake. Mbeleje alishika kichwa kwa mikono miwili, asilie. Alimgeukia mdogo wake.

"Mwite," alimwambia.

Ndahani akalala kifudifudi ukingoni. Alitaka kuomba, hakuna neno lililokuja. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Kilichokuja ni kile alichofundishwa kwa kusukumwa. Akaimba; shimo halikujibu. Akaingia ubeti wa pili, hakuna jibu, na watu wakaanza kuinamisha vichwa. Alipofika wa tatu, sauti nyembamba ilitoka ardhini, upande wa mashariki.

"Unafika nilipo."

Chilewa alikuwa amechonga kijipango ubavuni mwa shimo, mahali pa kupumzikia, na udongo uliposhuka alijibanza humo. Sasa walijua alipo. Waliuacha mdomo ule unaoporomoka, wakachimba kwa pembeni, taratibu. Ndahani hakupewa jembe. Kazi yake ilikuwa kuimba, na kila jibu lilipochelewa alizidi kupaza sauti.

"Shemeji, usilale," alisema. "Mimi ulinirudisha mwanzo kila siku. Leo nakurudisha wewe. Haya, tuanze tena."

Walimtoa jua likielekea kuzama, mwekundu kwa vumbi tangu kichwani hadi miguuni. Mbeleje alikaa chini akacheka na kulia kwa pamoja. Mzee Masima alivua kofia akamshukuru Mungu kwa kutolisikiliza neno lake. Chilewa alikunywa maji, akakohoa, akasema kwamba ubeti wa tatu Ndahani ameuharibu, na watu waliokuwa wamebana pumzi mchana kutwa wakaangua kicheko.

Kisha akamshika shemeji yake mkono.

"Nilikuwa nimekata tamaa, Ndahani. Mimi mhubiri, kule chini nilikosa hata pa kuanzia. Nilipokusikia, mdomo ukafuata wenyewe."

"Na mimi huku juu sikuwa na sala yoyote," Ndahani alijibu. "Nilikuwa na hiyo yako tu. Ungeningoja nijifunze leo, saa hizi tungekuwa tunakuzika."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mbeleje, aliyekuwa akimpangusa mumewe udongo masikioni, aliwatazama wote wawili, akasema polepole neno ambalo Mlimbwa haikulisahau:

"Wimbo wa shimoni hufunzwa juani."