Kompyuta Iliyojengewa Ukuta

Palikuwa na Sultani mmoja, Mahfudhi bin Nasibu, mwenye kompyuta ya mezani na hofu ya wezi. Tangu aletewe zawadi ile hakupata usingizi. Akaita waashi, akawaamuru walijengee sanduku la kompyuta ndani ya ukuta wa baraza, kwa mawe na saruji, skrini tu ndiyo ibaki nje. Waashi wakajenga. Kitufe cha kuwashia nacho kikabaki humo ndani, salama kabisa, hata mwenyewe asikifikie.

Siku moja umeme ukakatika, kompyuta ikazimika. Umeme ukarudi, kompyuta haikurudi. Mawaziri walijua dawa yake ni nyundo, lakini nani amwambie Sultani abomoe ukuta alioubuni mwenyewe? Kila mmoja wao alikuwa na shingo moja tu, na aliipenda. Wakasema, "Maulana, ukuta huu mashallah!"

Basi mjini alikuwapo mjane mmoja, Bi Siwazuri, muuza vitumbua, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno. Huyu alicheka hadharani, tena sokoni: "Sultani wetu kaizika kompyuta, imebaki kuisomea hitima tu."

Sokoni hakufichiki neno. Jioni ile ile akaitwa barazani.

"Wewe ndiye mwenye ulimi?" Sultani akamuuliza.

"Kila mtu anao, Maulana. Wangu ndio hautulii kinywani."

"Vizuri. Iwashe hii kompyuta. Kitufe usikifikie, ukuta usiuguse. Ukishindwa, kesho tunaivunja nyumba yako, nawe utahama mji huu."

Kile kijumba cha udongo ndicho Bi Siwazuri alichoachiwa na marehemu mumewe, na hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Alitamani kulia, lakini akaona haya kumfurahisha mtu yule. Akajitanda kanga yake vizuri.

"Kumbe nyumba yangu inavunjika," akasema. "Ukuta ndio mgumu."

Waziri mkuu akakohoa kuficha cheko.

"Unaiwasha au huiwashi?" Sultani akafoka.

"Naiwasha. Nipe mpiga mbiu wako tu, atangaze nitakalomwambia, kwa jina lako."

"Mpiga mbiu? Huhitaji fundi?"

"Fundi wa nini, Maulana? Mafundi hugusa vitu."

Sultani akacheka, akaruhusu. Mpiga mbiu akaja na pembe yake, Bi Siwazuri akamnong'oneza. Yule bwana akapuliza pembe, akapaza sauti: "Enyi watu! Kwa amri ya Sultani, kompyuta ya baraza imewaka!"

Wote wakaitazama skrini. Giza tititi.

"Imewaka wapi?" Sultani akang'aka. "Mimi sioni kitu!"

"Taratibu, Maulana, watu wasije wakakusikia," Bi Siwazuri akasema. "Mwaka jana mbiu hii hii ilitangaza kwamba umeme umeingia mtaani kwetu. Jirani yangu akasema haoni hata nguzo. Akachapwa viboko kwa kuikadhibisha mbiu ya Sultani. Tuliobaki tukajifunza kuona. Nawe ukiona giza, fanya tufanyavyo sisi: washa kibatari, ushukuru."