Paka Hasomi Kopo

"Paka hasomi kopo."

Neno hilo alilisema Bibi Namsifu, muuza uji wa mlangoni pa jim ya Mtaa wa Reli, siku vijana walipokuwa wakipokezana kopo jipya la unga wa kutunisha misuli na kuyasifu maandishi yake. Alilitazama kopo, akasonya, akaendelea kukoroga uji wake. Vijana wakamuuliza hiyo ni methali ya wapi, mbona shuleni hawakufundishwa.

"Kwani methali zote zilizaliwa siku moja na Adamu?" akacheka Bibi. "Nyingine umri wake haupiti wenu. Hii naijua mpaka ua ilikozaliwa. Vuteni mabenchi. Na wewe uliyeshika chuma, kiweke chini, usije ukajiangushia mguuni kwa kucheka. Basi, chanzo chake ni hiki."

Kule milimani Upare, katika kijiji cha Kirungu, kuna ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, kukicha yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mdomo wake huzibwa kwa gogo zito, na siku ya kwanza ya kiangazi mtunza ndiva hulichomoa peke yake, watu wote wakimtazama. Akishindwa, hakuna ugomvi wala kura. Anapewa pole, na kazi inakwenda kwa mwenye mgongo mzima.

Mtunza ndiva alikuwa Mzee Senzighe, aliyeirithi kazi hiyo kwa baba yake. Alikuwa anakaribia miaka sabini, na mwaka uliotangulia gogo lilimpeleka huku na huku mpaka watu wakaona haya, wakajifanya wanatazama mawingu. Lilitoka, ndiyo, lakini lilitoka kwa huruma. Mzee alirudi nyumbani akijua kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho ya kuhurumiwa.

Alikwenda zahanati. Muuguzi akamshika paja, akamshika mkono, akamwambia, "Babu, uzee unakula misuli yako taratibu. Inua vitu vizito kila siku, na uzidishe vyakula vya kujenga mwili. Nyama, maziwa, mayai."

"Hivyo haviguswi na mdomo wangu," alijibu mzee.

Na hapo ndipo penye shina la hadithi. Zamani Senzighe alikuwa mchinjaji wa kijiji. Mwanawe wa pekee, Eliewaha, akaugua akiwa mdogo, akalala siku nyingi bila kumtambua baba wala mama. Senzighe aliweka kisu chini akasema, "Mungu, niachie huyu, na mimi sitatia tena kinywani kitu kilichotoka kwa mnyama." Mtoto akapona, na tangu siku ile mzee akaishi kwa makande, ndizi, viazi na majani. Si nyama, si samaki, si maziwa, wala asali, maana nyuki naye alimhesabu. Moyoni mwake uhai wa Eliewaha ulikuwa umefungwa kwenye ile nadhiri, na siku nadhiri ikikatika, na uhai unakatika.

Kwa hiyo akawa mtu wa kushuku. Ukimkaribisha chai ya rangi, aliuliza kwanza sufuria ilichemshia nini jana. Alinusa vijiko. Msibani alibeba bakuli lake mwenyewe, na wapishi walimwona akija wakakonyezana.

Badala ya nyama na maziwa akazidisha mikunde. Kila asubuhi akanyanyua mawe nyuma ya nyumba, watoto wa jirani wakimhesabia kwa kelele. Lakini aliona haitoshi, akaanza kutafuta unga wa nguvu, na unga ukamjia kutoka pande mbili.

Wa kwanza uliletwa na mkaza mwana wake, Naserian, mke wa Eliewaha. Eliewaha alikuwa dereva wa lori, safari zake za Tunduma, na nyumbani alibaki Naserian na mtoto mchanga. Binti huyo alikaanga soya, karanga na mbaazi, akachanganya na ufuta, akapeleka mashineni kusaga. Kila asubuhi alimpikia mkwewe uji wake, akaufunika na kuupeleka barazani. Uji ulikuwa mweupe, mzito, na mtamu.

Utamu huo ndio uliomtia mzee wasiwasi. Naserian alitoka tambarare kule chini, kwa Wamaasai, nyumba ya ng'ombe wengi. Wiki ya kwanza ya ndoa yake, kabla hajaambiwa habari za nadhiri, aliwahi kusema, "Baba, maziwa kidogo tu yangekupa nguvu." Neno hilo mzee hakulisahau. Halafu akamwona mara mbili akitoka kwa jirani na kibuyu chini ya khanga. Alipomuuliza, Naserian akajibu, "Ni maziwa ya mtoto, Baba." Ya mtoto! Mzee akatikisa kichwa. Na weupe ule wa uji ni wa mbaazi?

Wa pili ulikuwa wa kopo, na aliyeuza makopo hayo ni Kangero, mwenye duka, mzee wa kanisa, rafiki yake tangu walipokuwa wakiwinda panya pamoja. Kopo lilikuwa jeusi, lina picha ya mwanamume mwenye mikono minene kupita mapaja yangu mimi. Mbele yake palibandikwa karatasi, imeandikwa kwa herufi kubwa: MIMEA MITUPU.

"Soma mwenyewe," Kangero alimwambia. "Mimi nikudanganye wewe?"

Mzee alisoma, akaridhika. Msinicheke, hata nyinyi hapa mmeridhika kwa kusoma. Mtu aliyenusa vijiko vya dunia nzima hakulinusa kopo lile, kwa sababu lilitoka kwa rafiki na lilikuwa na maandishi.

Basi kila asubuhi alikunywa unga wa kopo kwa siri chumbani, na uji wa Naserian akaumwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Wa kwanza kunenepa pale nyumbani akawa mgomba. Lakini na mzee naye alianza kuona mabadiliko. Mkono ulijaa kidogo, na jiwe lililomshinda mwezi uliopita likapanda mpaka kifuani.

Kadiri nguvu zilivyokuja, ndivyo shuku yake kwa Naserian ilivyozidi. Alijiambia kwamba mwanamke huyu anataka kumvunjia nadhiri, na nadhiri ikivunjika atakayelipa ni Eliewaha kule barabarani. Usingizi ukampotea. Mwishowe akaamua kumfumania.

Desturi ya kwao haimruhusu baba mkwe kumtuhumu mkaza mwana pasipo shahidi wa rika lake. Shahidi wa rika lake alikuwa nani tena kama si Kangero? Akamwita. Asubuhi ile alimfungia paka wa nyumbani stoo bila chakula. Paka huyo aliitwa Kadogo, ingawa tumbo lake lilifagia ukumbi. Mchana mzee akaweka mabakuli mawili uani, akamwita na Naserian.

"Mwanangu," alisema, "shahidi yupo. Bakuli hili nimekoroga unga wako. Hili nimekoroga wa kopo. Paka hana rafiki wala mkwe. Akiramba lako, utajua mwenyewe cha kuniambia."

Naserian alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Aliinamisha kichwa. "Sawa, Baba."

Kangero akakohoa. "Mzee mwenzangu, wa kopo wa nini tena? Kummwagia paka kitu cha thamani ni kukufuru. Pima wa kwake tu, tumalize."

"Nikipima wa kwake tu, atasema nimemwonea. Haki ni mabakuli mawili."

"Basi weka kidogo."

"Nimekwisha kuweka," alisema mzee, akafungua mlango wa stoo.

Kadogo alitoka mbio, akaenda moja kwa moja kwenye bakuli la Naserian. Kidole cha mzee kilikuwa kimeshaanza kunyanyuka. Paka akainama, akanusa, akapiga chafya. Akakung'uta mguu uliogusa uji, akalipa bakuli mgongo. Kisha masharubu yake yakageukia la pili. Alitumbukiza ulimi, na hakuutoa. Aliramba kwa pupa hata bakuli likawa linasukumwa chini, likaenda, likaenda, mpaka likagota kwenye kiatu cha Kangero.

Uani palisikika ulimi wa paka tu.

"Paka!" Kangero alipaza sauti. "Paka anajua nini? Hebu tazama hapa. Imeandikwa, mimea mitupu, kwa herufi kubwa!"

Mzee Senzighe hakulitazama kopo. Alimtazama Kadogo akijipangusa masharubu.

"Kangero," alisema polepole, "paka hasomi kopo."

Kisha akamuuliza, "Karatasi hiyo aliibandika nani?"

Kangero alitafuta mahali pa kuweka macho. "Yalikuja na maandishi ya kigeni. Nikajua wewe hutagusa mpaka... Lakini Senzighe, nguvu si umezipata? Tazama mkono wako! Maziwa ya unga kidogo tu, nani amekufa?"

Nani amekufa. Neno hilo lilimwingia mzee kama mwiba. Alitoa simu mfukoni, akampigia Eliewaha. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Akapiga tena. Mzee akaketi mavumbini, yeye ambaye hata kigoda alikipangusa kwanza.

"Nimemuua mwanangu," alisema. "Nimemuua kwa mkono wangu."

Kangero alikwisha kushika njia. Naserian angeweza kusema mengi, na mimi ningekuwa yeye ningeyasema yote. Lakini alichuchumaa mbele ya mkwewe, akamwambia, "Baba, nadhiri uliiweka kwa Mungu, hukuiweka kwa Kangero. Aliyedanganywa hakuvunja."

"Na wewe nimekutuhumu bure."

"Nilijua, Baba."

"Ulijua nini?"

"Sisimizi walipanda mgomba ule mmoja tu, kila asubuhi, na shina lake lilinukia karanga. Nikasema nitaendelea kupika. Siku moja utasikia njaa."

Ndipo simu ikalia. "Baba," sauti ya Eliewaha ikasema, "nilikuwa chini ya gari nafunga tairi. Kuna nini huko, mbona umenipigia namna hiyo?"

Machozi yalimtoka mzee waziwazi, mbele ya mkaza mwana na mjukuu na paka, na hakuyafuta. Akasema tu, "Hakuna neno. Nilitaka kukusikia."

Kopo lilizikwa shimoni siku ileile. Kishawishi kilikuwepo, msidhani hakikuwepo. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, na unga ule kweli ulikuwa umempa nguvu. Angeweza kunyamaza akaumaliza, nani angejua? Lakini alisema heri gogo limshinde mbele ya kijiji kuliko kulishinda kwa kitu alichomwahidi Mungu hatakigusa. Akarudi kwa mawe yake, na safari hii kwa uji wa Naserian, bakuli asubuhi na bakuli jioni. Mgomba ukabaki na mvua ya Mungu.

Siku ya kufungua ndiva ilipofika, kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Eliewaha alikuwa amerudi, kasimama na mkewe mbele kabisa. Mzee alilishika gogo, akakunja magoti, akavuta. Halikutikisika. Watu wakaanza tena kutazama mawingu. Akapumua, akajipanga upya, akavuta kwa miguu na mgongo na mikono, akanguruma. Gogo likalia, likalegea, likatoka. Safari hii halikumyumbisha. Maji yakaruka nje, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mlima wa pili ukaitika.

Kangero naye alikuwepo, maana mwenye duka hakosi penye watu. Kelele zilipopungua akapanda jiweni, akatangaza kwamba amepata mzigo mpya, na huu una hata muhuri, kila kitu kimeandikwa kwa Kiswahili safi.

Hakumaliza. Sauti moja kutoka nyuma ilisema, "Paka hasomi kopo!" Kijiji kizima kikaangua kicheko, watoto wakalidaka neno wakalikimbiza bondeni pamoja na maji. Kutoka siku hiyo, anayesifia mchumba kwa barua zake, anayeuza mbegu kwa picha ya pakiti, anayeomba kura kwa bango, wote hujibiwa hivyohivyo.

Naserian alimletea mkwewe bakuli pale ukingoni. Mzee akalipokea, na kwa mazoea ya miaka yote akalipeleka puani. Lakini kabla hajanusa, akasita. Akamtazama binti yule ambaye jasho lake lilimwagwa kwenye shina la mgomba naye asilalamike. Akalishusha bakuli mdomoni, akanywa lote bila kunusa, wakati watu wote wanaona.

Hapo Bibi Namsifu akafunika sufuria yake. Kopo lililokuwa likipita mikononi mwa vijana lilikuwa chini ya benchi.

"Haya," akasema, "nani kati yenu ana paka?"

Maana paka hasomi kopo.