Paka wa Mzee Mgaza

"Haya ya mlezi, kilio cha mwenye paka." Mnacheka nini? Mmemsikia Saida akimwambia hivyo mjomba wenu pale mlangoni, mkadhani anamtukana. Kaeni chini. Methali hii ilipozaliwa mimi nilikuwapo, hapa hapa Ngamiani, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kabla ya Saida, kazi hii ya kutunza paka wa wasafiri ilikuwa ya marehemu mama yake, Bi Hidaya. Mtu akisafiri au akilazwa hospitali, alimletea paka wake. Msidhani ni kazi ya kupapasa manyoya! Alfajiri ni kumwaga mabeseni ya mchanga, kisha kuchemsha dagaa na kusugua vibanda. Huyu hali mpaka ashikiwe sahani, yule ukimsogelea anakuparura. Na sharti la Hidaya lilikuwa moja: paka mgeni alale kwanza chumba cha uani, peke yake, mpaka ijulikane kuwa ni mzima. Hata paka wa dada yake alilala huko.

Basi Mzee Mgaza akaitwa Dar kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa amefiwa na mke na hakujaaliwa mtoto. Alichobakiwa nacho ni Tausi, paka wa marehemu, aliyezoea kulala juu ya mswala wa yule mama. Akamleta ndani ya kikapu, kamtandikia kanga ya mkewe.

"Hidaya mwanangu," akasema, "nyumbani kwangu imebaki sauti moja tu, ya huyu. Nitunzie."

Hidaya akamweka uani, alipomwona mzima akamwingiza ndani pamoja na wenzake.

Ndipo akaja mama mkwe wa Hidaya, Bi Mwanamkuu, anakwenda harusini Pangani. Paka yuko kwapani, amenyong'onyea, macho yamejaa tongo.

"Shikamoo mama. Huyu naomba alale uani kwanza."

"Uani?" Bi Mwanamkuu akapaza sauti ili majirani tusikie, na tulisikia. "Mimi niliyekuzalia mume, paka wangu atengwe kama mwenye ukoma? Sema basi mbele za watu kwamba mimi mchafu!"

Loo! Nilimwona Hidaya akiinamisha kichwa. Ugonjwa aliuona kwa macho yake. Lakini mkwe ni mkwe, na mtaa mzima umetoa shingo nje. Akampokea yule paka, akampeleka ndani kwa wenzake.

Hazikupita siku nyingi. Paka wakawa wanainamia bakuli la maji wasiweze kunywa, wanatapika povu la njano. Bwana mifugo alikuja na sindano zake, akatikisa kichwa, akasema ugonjwa ule huzuiwa mlangoni, ukishaingia ndani basi tena. Tukawa tunachimba mashimo nyuma ya choo. Tausi alikuwa wa mwisho. Hidaya alimpakata akimdondoshea maji mdomoni kwa kitambaa, huku analia, mpaka akapoa mikononi mwake. Na yule wa mama mkwe? Akapona! Hilo lilinikera, na linanikera mpaka leo.

Mzee Mgaza akarudi, jicho limefungwa bendeji, mkononi ana kipande cha samaki alichokinunua njiani. Hata hajaketi, akaita, "Tausi!"

"Baba, Tausi amekufa."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hakuwa mgonjwa. Ameambukizwa na paka niliyemwingiza ndani."

"Hukujua kuwa anaumwa?"

"Nilijua. Niliona haya kumkatalia mama mkwe."

Mzee hakufoka. Heri angefoka! Akamtazama kwa lile jicho moja, akasema, "Haya yako, Hidaya, ndiyo kilio changu."

Akaomba kikapu chake. Ile kanga ilikuwa imejaa manyoya. Hakuikung'uta, akaikunja hivyo hivyo, akaenda zake. Yule samaki alibaki barazani. Tangu hapo ukipita kwake jioni husikii kitu, na aliishi hivyo mpaka tulipomzika.

Maneno yake yakashika mtaani, na aliyeyasema zaidi ni Hidaya mwenyewe. Mteja akibembeleza, mkwe akinuna, jibu lake lilikuwa hilo hilo, na machozi yanamlengalenga.

Basi mjomba wenu mwacheni anune. Paka wake atalala uani, maana mle ndani mna paka wa watu. Haya ya mlezi, kilio cha mwenye paka.

Mbona sasa hamcheki?