Kombo Hayupo

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, cha mbele cha kupokea wageni na cha nyuma chenye choo, na katikati ukuta mmoja. Jina lake Kombo. Mwaka mmoja bomba la maji machafu likapasuka kule nyuma. Fundi aliliziba, likatulia miezi miwili, likapasuka tena. Ikawa ndivyo hivyo.

Kombo aliona haya. Paa likivuja mtu husimulia barazani na watu wakampa pole, lakini mambo ya chooni nani ayataje? Akaacha kwenda harusini, maana hakujua bomba litapasuka saa ngapi. Watu wakasema anaringa. Akaona afadhali waseme hivyo.

Unyevu ukapenya ukutani mpaka chumba cha mbele. Kuvu ikaota, godoro likanuka, na Kombo akawa anashinda juu yake mchana kutwa, hana hamu ya lolote. Akapaka chokaa. Ikabambuka. Akapaka tena. Fundi, mtu mwema, alikuja kila mwezi kukagua bomba, na kila alipouliza habari za huko mbele, Kombo alijibu, "Salama," huku ameuegemea mlango kwa mgongo.

Siku moja dada yake Mwatima alikuja kutoka mbali, akapiga hodi. Kombo akatazama ule ukuta, akababaika, akajibu kutoka ndani, "Kombo hayupo."

Sauti ya nduguye nani asiyeijua? Mwatima hakucheka wala hakukasirika. Aliketi kizingitini, akasema, "Basi akirudi, mwambie dada yake hakuja kukagua nyumba."

Kombo alisimama na komeo mkononi, machozi yakimtiririka, akitamani ardhi immeze. Kisha akafungua. Mwatima akaingia, akaketi juu ya godoro lile lile. Fundi aliporudi alionyeshwa vyumba vyote viwili. Kombo alikuwa bado anaona haya, masikio yanamwaka, lakini alionyesha. Fundi akamwambia kwamba ukuta nao una fundi wake, na angempeleka kwake.

Nawe uliyempelekea daktari utumbo wako wenye vidonda, akakuuliza habari za moyo ukasema ni salama: ni nani ameketi kizingitini pako sasa hivi, nawe umemwambia hupo?