Pishi Tisa za Zimwi

Nianze? Anza! Mkiogopa mtanikatiza? Hatukukatizi! Basi sogeeni, mshikane mikono, maana hata mimi naogopa.

Hapo kale kitongoji kimoja kiliingiwa na njaa, njaa ile ya watu kuchemsha ngozi. Mtama wote ulikuwa ghalani kwa Zimwi. Zimwi akasema: "Ombeni pishi mtakazo, nitapima. Ila muwagawie watoto wote sawasawa, kibaba kwa kibaba. Kikibaki kibaba kimoja, nakula mtoto mmoja. Yeyote!"

Watoto walikuwa sita. Aliyejua hesabu ni Mashavu, mjamzito, binti wa pekee wa Bi Mwanamvua. Siku ya kwanza akasema, "Mama, omba pishi tatu. Pishi ni vibaba vinne, jumla kumi na viwili. Kila mtoto viwili."

"Kimebaki?" Zimwi akauliza.

"Hakikubaki!"

Akaenda zake.

Siku ya pili pishi sita, vibaba ishirini na vinne, kila mtoto vinne.

"Kimebaki?"

"Hakikubaki!"

Akaenda zake, anasaga meno.

Alfajiri ya tatu Mashavu akajifungua mtoto wa kiume, na Zimwi huyo, keshafika! Mashavu akaita kutoka kitandani: "Mama, sasa ni saba! Omba pishi saba, vibaba ishirini na vinane, kila mmoja vinne!"

"Nyamaza, wee mzazi! Mtoto hajatimiza arobaini, nani humhesabu? Watu wa kijicho wapo!" Bi Mwanamvua akatoka nje. "Pishi tisa!"

Vibaba thelathini na sita. Kila mtoto sita.

"Kimebaki?"

"Hakikubaki!"

Ndani kichanga kikalia.

"Na huyo?" Zimwi akacheka, akagawa upya mafungu saba, vitano, vitano, vitano, mpaka fungu la mwisho. Kibaba kimoja kikabaki mkekani. Majirani wakainamisha vichwa. Mkono wa Zimwi ukapenya mlangoni, kucha zikagusa kanga ya mtoto.

"Ulisema yeyote!" Mashavu akasema mbiombio. "Mimi pia mtoto, mama yangu yule pale, nichukue mimi, mimi nina nyama, huyo mifupa tu!"

Zimwi akamtazama juu mpaka chini. "Kweli," akasema, "una nyama."

"Mwanangu!" Bi Mwanamvua akapiga kelele. "Mwanangu mmoja!"

Zimwi hakugeuka.

Kisa kimenitoka mdomoni, sasa kiko kwenu. Ukigawa, mhesabu kwanza aliyelala ndani. Wangu ana siku kumi na tisa, nimemhesabu asubuhi, nimemhesabu sasa hivi. Mama mkwe akinuna, na anune.