Ng'ombe wa Mwalimu Mihayo

Nyumba ya Nyangi ilikuwa ya kumi na nne katika mstari wa tatu. Hivyo ndivyo watu walivyoelekezana mwaka ule wa Operesheni Vijiji, kwa mistari na namba, kana kwamba binadamu ni mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Nyangi alikuwa mjane wa makamo. Lori lilimtoa upande wa Butiama, likamshusha mwendo wa nusu siku kutoka Bunda pamoja na masufuria yake, jembe na mbuzi mmoja. Mwanawe wa pekee, Burito, alikuwa jeshini. Majirani hawakuwa watu wabaya, ila wao walihamishwa pamoja, ukoo mzima, na vicheko vyao vya zamani. Alipofika kisimani walimsalimu vizuri, kisha wakaendelea na yao. Kuna siku jua lilichwa hajasema neno isipokuwa kwa mbuzi.

Ndipo kikaja kisomo cha watu wazima. Kila alasiri walikaa juu ya magunia ndani ya ghala la pamba, wakaimba ba be bi bo bu. Mwalimu wao, Mihayo, alikuwa kijana wa Kisukuma wa miaka ishirini, mpole, aliyeishi peke yake katika chumba cha nyuma ya ghala hilo. Lakini jamani, ufundishaji wake! Aliweza kukaa na silabi moja tangu saa tisa mpaka jua lipoe. Joto la bati juu, vumbi la pamba puani, watu wakapiga miayo mpaka taya zikauma.

Jambo moja tu lilimwamsha Nyangi. Mihayo hakuwa na R. Kwake karibu ilikuwa "kalibu", na barua ilikuwa "balua". Wanafunzi wake nao L iliwashinda, wakamwita "mwarimu" kutwa kucha, lakini nyani haoni kundule.

Siku moja Nyangi alifungua pindo la kanga, akamwaga punje za mahindi katikati ya wanawake waliokaa nyuma.

"Hawa ni ng'ombe," alinong'ona. "Mwarimu akikosa R, wa kwanza kushika sikio anachukua mmoja. Ukifikisha kumi, unaoa."

"Unaoa nani?" aliuliza Gati, jirani yake, mwanamke mwenye maneno mengi.

"Yeyote umtakaye humu ndani. Kesho yake mke anakutekea maji."

Gati alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. Katika nchi ile mwanamke kumlipia mwanamke mwenzake mahari halikuwa jambo geni, lakini kuoa kwa ng'ombe wa "kalibu" hakuna aliyepata kusikia!

Mchezo ukaenea ghala zima. Mzee Mniko, mwenye masharubu yake ya heshima, aliolewa mara tatu katika wiki moja. Nyangi, aliyekuwa na sikio kali kuliko wote, alimuoa Gati, akamuoa Nyamburi, akamuoa na Mniko. Wala hakumwachia mke wake yeyote abebe ndoo. Alichotaka ni ile njia ya kisimani, kwenda na kurudi, na mtu wa kuongea naye. Asubuhi sasa aliitwa mlangoni, "Mume wangu, umeamkaje?" naye akatoka mbio, moyo mweupe.

Mihayo aliona nyuso zimechangamka, naye akachangamka. Akaanza kuwahi darasani na kupiga pasi shati lake.

Ukweli ulitoka siku ya neno "rudi".

"Ludi!" alisoma Mihayo ubaoni.

Gati na Mniko walishika masikio kwa pamoja.

"Wangu huyo!" alisema Gati.

"Wako wapi? Mimi ndiye niriyeanza! Ng'ombe wa 'rudi' ni wangu!" Mniko alifoka, na punje zikatapakaa sakafuni.

Mihayo aliinama, akaokota punje moja, akaitazama. Hakuwa mjinga. "Ni nani aliyeanzisha?" aliuliza. Macho yote yakamgeukia Nyangi.

"Mama," alisema Mihayo, "nimekaa hapa miezi mitatu. Hakuna hata mmoja aliyenialika kwa uji. Mlipoanza kucheka nilifulahi. Nikasema, sasa wamenizoea."

Hakuna aliyeshika sikio. Neno "nisamehe" lilimfika Nyangi kwenye ncha ya ulimi, maana upweke ule aliujua. Lakini wake zake walikuwa wakimtazama, akaogopa kuwapoteza, akainamisha kichwa. Kesho yake asubuhi Mihayo alifunga sanduku lake juu ya baiskeli, akaenda Bunda kuomba uhamisho.

Siku ya pili yake, Alhamisi, lori la pamba liliacha bahasha ghalani. Ilitoka kwa Burito. Nyangi aliifungua, akasoma neno la kwanza: *Mama*. Hapo ndipo kisomo chake kilipoishia. Alimpelekea Mniko, naye akatafuta "ba" na "be" mpaka akatoka jasho. Katibu wa kijiji, mtu mwingine pekee aliyejua kusoma, alikuwa semina Musoma hadi Jumatatu.

"Mfuate Mihayo huko Bunda akusomee," alisema Gati. "Si wewe ndiwe uriyemfukuza?" Safari hii hakumwita mume.

Ijumaa Nyangi alijifunga kanga, akafika mpaka njia panda. Nitamwambia nini mtoto wa watu? alijiuliza. Aibu ikamrudisha nyumbani. "Barua haiozi," alimwambia mbuzi wake.

Jumatatu katibu alirudi, akavaa miwani, akasoma:

"Mama, shikamoo. Tunahamishiwa Mtwara. Jumamosi nitashuka Bunda saa tatu asubuhi, nitakusubiri stendi mpaka saa tisa. Kijiji chenu kipya nakijua jina tu, njia siijui, ndiyo maana naomba uje wewe. Nimekununulia blanketi. Njoo, mama, nikuone, maana sijui lini nitapata likizo tena."

Katibu alishusha karatasi taratibu. "Jumamosi imeshapita, mama."

"Jumamosi nirikuwepo," alisema Nyangi. "Siku nzima nirikuwepo tu nyumbani."

Kisha akalia kwa sauti, mbele ya mwanamume, bila kujali. Nje wanawake walikuwa wakipita kwenda kisimani na ndoo zao. Walisikia kilio, wakapunguza mwendo, kisha wakaendelea. Kwa saa sita nzima mwanawe alikuwa amesimama stendi ya Bunda na blanketi mkononi, akimtazama kila mwanamke anayeingia. Na mtu ambaye angeweza kumpa mama habari hiyo mapema alikuwa mji ule ule, amekwenda huko kwa kuchekwa. Ewe msomaji, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.