Mwaka Niliokata Mpunga Mbichi

Bahari ya mbali hupika, mto wa karibu hupakua. Chifu aliisema jana barazani, akavuta na suruali juu, utadhani methali kaizaa yeye. Hakuizaa! Mimi nilikuwepo ilipozaliwa. Mmeniuliza imetoka wapi, basi kaeni, na wewe zima hiyo simu. Ilianza hivi.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa, ukingoni mwa Mto Tana. Mama mkwe wangu, Mama Jilo, alinikatia kipande cha shamba kule bondeni, mto unakoacha tope jeusi. Nikalima, nikapanda mpunga, nikawinga ndege mpaka sauti ikanikauka. Jamani, ulikubali ule mpunga! Mwezi wa kumi ulipoingia, mashuke yalikuwa yameinama, ila bado ya kijani. Zilibaki wiki tatu hivi tuvune. Ndicho kilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima, mimi, mume wangu, mama yake, na mtoto niliyekuwa naye tumboni.

Siku moja niko shambani, namwona mjomba wangu Buya anakuja anachechemea, barua mkononi anaipeperusha. Mjomba huyu alikuwa mpishi wa meli za mizigo miaka thelathini, mpaka mguu ukamrudisha nyumbani. Alikuwa na rafiki yake mvuvi huko Peru, upande wa pili wa dunia, kwenye bahari nyingine kabisa iitwayo Pasifiki. Waliandikiana kwa Kiingereza chao cha melini.

"Mwanahawa! Kata mpunga!"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, kata mpunga!"

Nikacheka. Nikamwambia haujaiva. Akasema, "Ukate hivyo hivyo, ufanye pepeta."

Nyinyi pepeta mnainunua sokoni tu, hamjui kazi yake. Mpunga mbichi unaukaanga chunguni, unautia kinuni ungali moto, unautwanga mpaka punje zilale bapa, kisha unapepeta makapi. Ni tamu, lakini unapata kidogo, na mbegu ya kupanda mwakani huna. Hakuna mwenye akili anayelifanya shamba zima pepeta.

"Rafiki yangu anasema bahari ya kwao imepata moto tangu mwezi wa tano," mjomba akasema. "Dagaa wamehama, wavuvi wamekaa wanashona nyavu. Na juzi nimeshuka pwani, nikatia mkono majini. Bahari yetu nayo ina moto."

"Sasa Peru na mpunga wangu wapi na wapi?"

Akaketi juu ya tuta, mguu kaunyoosha. "Sikiliza. Jiko la meli likiwaka kule mwisho, aliye mlangoni naye atatoka jasho, maana joto halikai mahali pamoja. Bahari ya kule ikichemka, pepo zinageuka mpaka huku. Zile zinazosukuma maji ya moto ya bahari yetu yaende mashariki zinalegea, maji yanabaki yanarundikana kwetu. Hapo mawingu yanapanda, na mvua inapiga milimani mto wetu unakotoka. Haiji kwa siku moja, inachukua miezi. Miaka inapita, halafu inarudi tena."

"Umeionea wapi?"

"Mara ya kwanza nilikuwa bandarini kule kwao. Samaki wamekwisha, mimi nikapika kuku, nikacheka na wenzangu. Niliporudi nyumbani mafuriko yalikuwa yamekwenda na ghala la mama. Bibi yako alikufa kwa njaa, Mwanahawa, na mimi nacheka." Machozi yalimtoka waziwazi, mtu mzima yule. "Huenda nikakosea. Mwaka mwingine bahari ile ilichemka na huku tukapata manyunyu tu. Nikikosea utachekwa. Nisipokosea utakula."

Nikaenda kumwambia Mama Jilo. Lo! Kumbukeni nyumba ile ilikuwa na desturi yake: kisu hakiingii shambani kabla mama wa nyumba hajakata shuke la kwanza kwa mkono wake, akalipika na kulionja.

"Mpunga ukatwe mbichi kwa barua ya mvuvi nisiyemjua?" akasema. "Mbingu kavu hivi? Ukilitia kisu shamba lile, hii si nyumba yako tena. Asiyesikia la mkuu, shauri yake!"

Mume wangu Jilo alitazama miguu yake. Mbele ya mama yake alikuwa mtoto tu, Mungu amrehemu.

Nikakaa nikawaza. Nikikata na mvua isije, nimepoteza nusu ya chakula, na juu yake nimeachika. Nisipokata na maji yaje, mtoto huyu atazaliwa ale nini? Nikashika kisu, nikaenda.

Siku nne mimi na mjomba tulikata, tukakaanga, tukatwanga. Viganja vilitoka malengelenge. Wanawake wa kijiji wakija kuteka maji wananiimbia, "Bibi harusi ana njaa, hangoji mpunga kuiva!" Mwimbishaji wao alikuwa Mama Hiribae, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo. Tulipata magunia sita. Tukayapandisha kilimani kwenye darasa la shule, mwalimu akatupa kona.

Basi, jua likawaka! Wiki moja, mbingu nyeupe. Wiki ya pili, hata wingu la kudanganyia. Mama Jilo hanipokei salamu. Mwisho akatuma ujumbe kwa baba yangu: njoo umchukue binti yako.

Baba akafika asubuhi na baiskeli. Kakaribishwa mkekani, kapewa chai, uso kauinamisha kwa aibu. Mimi niko ndani nafunga kanga zangu, nalia. Hajafika nusu ya kikombe, tukasikia yowe kutoka bondeni.

"Mto! Mto unapanda!"

Tukatoka mbio. Jua linawaka, tone la mvua halijaanguka, na mto unapanda! Maji mekundu, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Yaliumeza mpunga wa bondeni wote tukitazama, shamba kwa shamba, kisha yakaanza kuja nyumbani. Nikamshika mama mkwe mkono, baba akamshika mkono wa pili, tukakimbilia kilimani. Jioni ile na mvua yenyewe ikafika. Mpaka mwezi ulipoandama tena tulikuwa tungali pale juu, kijiji kizima, na ghala zote zimekwenda na maji.

Chakula kilikuwa kimoja tu, magunia yangu sita.

Nilipakua pepeta kila siku, kata moja ya kifuu kwa kila mtu, mzee na mtoto. Sikumnyima hata mmoja, ingawa siku ya kwanza Mama Hiribae alipofika mbele yangu na bakuli lake, haki ya Mungu, nilitamani kumwambia aimbe kwanza. Yeye mwenyewe hakuweza kuniangalia. Akamgeukia mjomba.

"Buya, hebu niambie. Asubuhi ile hapa hapakunyesha. Maji yale yalitoka wapi?"

Mjomba akaonyesha kidole upande wa jua linakozama, mbali, kupita nchi kavu na maji tusiyoyajua. "Yalianza kule, tangu mwezi wa tano, sisi huku tunawinga ndege. Bahari ya mbali hupika..."

Akaishia hapo, akageuka kutazama mto. Nadhani alimkumbuka mama yake.

Nyuma yake alikuwa amesimama Mama Jilo na bakuli tupu, zamu yake imefika. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nishike kile kisu. Akasema, "Mwanangu, nisamehe." Kisha akamalizia yeye, kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Bahari ya mbali hupika, mto wa karibu hupakua."